Chemirocha ana kwao: barua ya wazi kuhusu wimbo wa Kapkatet

Kwa Waziri mwenye dhamana ya utamaduni. Kwa Magavana wa Kericho na Bomet. Kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Na kwa wasimamizi wa Shirika la Utangazaji la Kenya (KBC).

Waheshimiwa,

Mimi ni mwalimu wa muziki katika shule ya upili huku Bureti, safari fupi ya bodaboda kutoka soko la Kapkatet. Ombi langu nalisema mapema, ili hata mwenye haraka asiifunge barua hii kabla hajalisoma. Wimbo uitwao Chemirocha, ulioimbwa na wasichana wa Kapkatet mwaka 1950, usajiliwe rasmi kuwa mali ya Wakipsigis, sisi tulio sehemu ya Wakalenjin. Nakala yake iwekwe mahali ambapo mtoto wa Kapkatet anaweza kuingia akausikiliza. Na majina ya walioimba yatafutwe sasa, maana wanaoweza kuyakumbuka wanazidi kupungua.

Muhula uliopita niliwachezea wanafunzi wa kidato cha pili wimbo huo kwa simu yangu na spika ndogo ninayobeba mfukoni. Sikuwaeleza lolote kwanza. Zikasikika nyuzi za chepkong, kinubi chetu, zikizunguka palepale bila haraka. Zikafuata sauti za wasichana, nyembamba, zikiliita jina lilelile tena na tena: Chemirocha. Hata dakika mbili hazifiki, wimbo umekwisha. Darasa likanyamaza, jambo ambalo mwalimu yeyote wa kidato cha pili anajua si la kawaida. Kisha msichana mmoja aliyekaa dirishani akasema, "Mwalimu, hao wanaongea kama kogo."

Kogo ni nyanya, kwa msomaji asiye Mkalenjin. Nikamwambia ndiyo, hao ni akina kogo walipokuwa na umri kama wenu. Nilipowaambia kwamba anayeitwa katika wimbo ule ni Mmarekani aliyekuwa kibarua wa reli na mwimbaji wa kantri, walikataa katakata. Ikabidi niwasimulie, na nanyi naomba mnivumilie nisimulie, kwa sababu bila kumjua mtu huyu hamtaona ukubwa wa kilichofanywa na wasichana wale.

Jina lake Jimmie Rodgers. Alizaliwa tarehe 8 Septemba 1897, akalelewa upande wa Meridian, jimbo la Mississippi. Mama yake alifariki akiwa mdogo. Baba yake alikuwa msimamizi wa vibarua wa kutengeneza reli. Kijana alipotoroka nyumbani kufuata maonyesho ya barabarani, baba alimfuata, akamrudisha, akampa kazi ya kuwapelekea maji vibarua. Vibarua hao walikuwa watu weusi. Walifanya kazi kwa kuimba, mmoja akitoa, wengine wakipokea, vyuma vikisogea kwa mapigo ya wimbo. Mtoto mwenye ndoo ya maji alisikiliza, na kutoka kwao akajifunza nyimbo na vyombo vya nyuzi. Baadaye akawa mfunga breki kwenye treni za mizigo. Mwaka 1924, akiwa na miaka 27, akagunduliwa kuwa na kifua kikuu, na kwa wakati ule dawa hazikuwapo. Kazi ya reli haikumfaa tena mtu anayetema damu, akabaki na gita.

Julai 1927 mtu wa kampuni ya santuri ya Victor, Ralph Peer, alifika Bristol, mji ulio mpakani mwa Tennessee na Virginia, akitafuta waimbaji wa huko. Rodgers alifika na wenzake wa bendi. Usiku wa kuamkia kurekodi wakakosana, na chanzo cha ugomvi kilikuwa jina: santuri iandikwe jina la nani? Wenzake wakaenda zao, naye tarehe 4 Agosti akaingia peke yake na gita lake, akaimba nyimbo mbili. Miezi michache baadaye akarekodi wa kwanza katika zile zilizokuja kuitwa Blue Yodel, ukauzwa kwa mamia ya maelfu.

Hapa kuna jambo la kiufundi ambalo wanafunzi wangu walilipenda mno. Yodeli ni kuivunja sauti makusudi: unaimba kwa sauti ya kifuani, kisha ghafla unairusha juu hadi ile nyembamba ya kichwani, na kuirudisha, mara nyingi kwa haraka. Rodgers aliichukua hiyo akaiweka juu ya bluzi, muziki aliousikia kwa wale vibarua wa reli. Ndiyo maana nasema, na nitaendelea kusema, kwamba muziki ule ulipofika kwetu haukuja kama mgeni mtupu. Nusu yake ilikuwa na damu ya watu waliovushwa bahari kutoka bara hili kwa minyororo. Mwaka 1930 alirekodi Los Angeles pamoja na Louis Armstrong kwenye tarumbeta na Lil Hardin Armstrong kwenye piano, lakini lebo ya santuri haikuyataja majina yao. Naomba mlikumbuke hilo tutakapofika Kapkatet.

Kazi yake yote haikumaliza hata miaka sita. Katika muda huo aliacha nyimbo zipatazo 110, moja wapo ikihusu ugonjwa uleule uliokuwa ukimmaliza. Mei 1933 alisafiri hadi New York akiwa hoi, na nesi wa kumuuguza, kwa sababu pesa zilikuwa zimekwisha na familia ilihitaji kula. Studio iliwekewa kitanda. Alikuwa akiimba wimbo mmoja, analala, anaamka, anaimba mwingine. Tarehe 24 alimaliza, na tarehe 26 akafa hotelini, umri wake miaka 35. Treni ikamrudisha Meridian. Mwaka 1961, jumba la heshima la muziki wa kantri huko Nashville lilipochagua watu wa kwanza kabisa wa kuheshimiwa, yeye alikuwa mmoja wa watatu.

Sasa tuje nyumbani.

Santuri zake zilivuka bahari zikafika Bonde la Ufa mikononi mwa wageni, pamoja na gramafoni za kuzungusha kwa mkono. Hebu fikirieni kijiji cha Kipsigis cha miaka ile ya arobaini. Kisanduku kinatiwa ufunguo, sindano inashushwa, na mtu asiyeonekana anaanza kuimba, kisha anaivunja sauti yake namna ambayo koo la kawaida halifanyi. Mnamuuliza mwenye kisanduku: nani huyu? Anajibu: Jimmie Rodgers. Sikio la Kipsigis, lililozoea majina kama Cheruiyot na Chepkemoi, likalipokea jina kwa namna yake: Chemirocha.

Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka nusu ya Afrika na mashine ya kurekodia, alifika Kapkatet. Wasichana wakamwimbia. Katika maelezo yake Tracey aliandika kwamba Chemirocha kwa watu hawa amekuwa kama mungu mdogo, nusu mtu nusu paa, na kwamba wasichana wanamhimiza acheze ule mchezo wetu wa kuruka, aruke hadi atoke ndani ya nguo zake. Maelezo hayo yamezunguka dunia nzima. Watu huyasimulia kama kichekesho: tazameni washamba walivyoabudu santuri.

Mimi ni mwalimu wa muziki na Mkipsigis, na nauimba wimbo huu kila wiki pamoja na watoto. Sisikii ushamba ndani yake. Nasikia watunzi. Wamesikia sauti mpya, wameipa jina, wameipa umbo kwa kutumia hadithi wanazozijua, wakaitia kwenye kinubi chao na mapigo yao, halafu wakaifanyia kile ambacho sisi huwafanyia wageni: wakaialika icheze nasi. Hawakumuiga Rodgers hata kidogo. Katika wimbo ule hakuna yodeli wala gita. Mtu akiniuliza maana ya kutunga, nitamchezea huo.

Kwenye kumbukumbu za Tracey ameandikwa Chemutoi Ketienya, pamoja na wasichana wa Kipsigis. Chemutoi Ketienya, basi. Wengine wote ni "wasichana". Ndiyo sababu niliwaomba mkumbuke tarumbeta ile isiyotajwa kwenye lebo. Msichana aliyekuwa na miaka 14 mwaka 1950 leo anakaribia 90. Bado wapo wazee wa rika lao katika vijiji vyetu, baadhi yao nimekaa nao na kunywa nao chai. Kila mvua ndefu tunazika wengine. Mtu wa kuwauliza nani alisimama karibu na Chemutoi siku ile asipotumwa mwaka huu, mwaka kesho huenda asimkute wa kumjibu.

Rekodi zenyewe hazikupotea. Tracey alianzisha mwaka 1954 maktaba ya kimataifa ya muziki wa Kiafrika, ILAM, ambayo sasa iko Makhanda, Afrika Kusini, katika Chuo Kikuu cha Rhodes. Ndiyo iliyozitunza. Na lazima nitoe shukrani hapa: katika muongo uliopita ILAM pamoja na Ketebul Music ya Nairobi, chini ya Tabu Osusa, walizibeba nakala za rekodi hizo wakazirudisha hadi kwa Wakipsigis, wakatafuta walioimba na jamaa zao. Hawakuwa serikali. Walifanya walichoweza kwa uwezo wao, na wazee waliosikia upya sauti za ujana wao hawajasahau.

Lakini kumrudishia mzee mmoja diski si sawa na kuirudisha rekodi katika nchi. Diski hukwaruzwa, mzee huaga, simu huibwa. Kitu cha umma kinahitaji mahali pa umma.

Nilijaribu kuanza mwenyewe. Niliandika barua, mwalimu mkuu akaigonga muhuri, nikaipeleka katika ofisi moja ya umma ambayo sitaitaja, nikiomba rekodi za Tracey za eneo letu ziwekwe kwenye maktaba na wimbo uingizwe kwenye rejista. Niliambiwa nirudi Alhamisi. Alhamisi nikaambiwa mwenye faili yuko semina. Mara ya tatu nilimkuta. Aliisoma barua yangu akiwa amesimama, akaniuliza, "Mwalimu, mambo ya kantri ya Wamarekani yanatuhusu nini sisi?" Akanirudishia barua. Haikuwa na alama yoyote ya kupokelewa. Nauli ya safari zile tatu sikuidai mtu na siidai leo. Swali lake ndilo lililonifanya niandike hapa, mbele ya watu, kwa sababu nadhani wako wengi wenye swali hilo na hawana nia mbaya.

Linatuhusu kwa sababu Katiba yetu inasema hivyo. Ibara ya 11 inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa, na kifungu chake cha tatu kinalitaka Bunge litunge sheria ya kuhakikisha jamii zinalipwa fidia au mrabaha kwa matumizi ya utamaduni wao. Bunge lilitunga: Sheria Nambari 33 ya mwaka 2016, ya kulinda maarifa ya jadi na maonyesho ya kitamaduni. Sheria hiyo inataka kila kaunti iwe na rejista, na Bodi ya Hakimiliki iwe na hazina ya kidijitali. Jedwali la Nne la Katiba linazipa kaunti shughuli za kitamaduni, maktaba na makumbusho. Siwaombi, kwa hiyo, mtunge lolote jipya. Naomba wimbo mmoja upitishwe kwenye njia ambayo ninyi wenyewe mmeichonga, tuone kama inapitika.

Najua mwanasheria atauliza: mali ya nani hasa, ya jamii, ya Chemutoi Ketienya na familia yake, au ya wenye mkanda? Ni swali la haki na sina jibu lililokamilika. Maoni yangu ni kwamba maneno na mtindo ni vya jamii, uimbaji ule wa siku ile ni wa walioimba, na mkanda umewekwa amana kwa aliyeutunza. Wimbo umechapishwa upya kwenye diski ughaibuni, na watu wa mbali wanaupenda kwa dhati. Siwaonei wivu. Ila pale Kapkatet hakuna anayeweza kuniambia kwa uhakika kama kuna senti iliyowahi kumfikia mtu. Anayeweza kuketi na ILAM mezani na kuulizana mambo hayo kwa heshima ni serikali, si mwalimu mwenye spika ya mfukoni.

Nitawaambia kitu kingine, kuhusu gita. Rodgers alitengenezewa na kampuni ya Martin gita lenye jina lake limenakshiwa kwenye shingo. Nyuma yake liliandikwa neno la shukrani, THANKS, kwa herufi kubwa, zikiwa kichwa chini. Wimbo ukiisha, aliligeuza gita, na ukumbi mzima ukasoma. Baada ya kifo chake mjane wake, Carrie, alimwazima gita hilo kijana mwimbaji, Ernest Tubb, naye akalipiga kwa miaka mingi. Baadaye Tubb alipata gita lake mwenyewe, na lile likarudi Meridian, kwenye makumbusho ya Rodgers. Meridian ni mji wa reli, si jiji kubwa. Umefanya tamasha la kumkumbuka mwanawe tangu 1953, miaka 20 baada ya kifo chake. Posta ya Marekani nayo ilitoa stempu yake mwaka 1978.

Hiyo ndiyo familia ya wimbo wetu. Upande mmoja wa bahari gita liko ndani ya kioo na lina mtu wa kulipangusa vumbi. Upande huu, kinubi cha chepkong kilichopigwa siku ile hatujui hata kiko wapi, na vijana wanaojua kukipiga katika shule yangu ni wawili tu. Mmoja amefunzwa na babu yake. Mwingine nimemfunza mimi, na mimi mwenyewe nilijifunza nikiwa mtu mzima.

Kwa KBC nina neno la pekee. Ninyi na watangulizi wenu ndio mliotulea na muziki huu. Nyumbani kwetu Krismasi haikuanza mpaka sauti ya Jim Reeves itoke kwenye redio ya betri iliyoanikwa juani asubuhi ili ipate nguvu. Nchi hii inapenda kantri kwelikweli: Kenny Rogers, Don Williams na Dolly Parton wanajulikana hadi kwenye vibanda vya kunyolea. Tuna hata waimbaji wetu wenyewe wa kantri, Elvis Otieno, yule Sir Elvis, akiwa mbele yao. Kwa mapenzi yote hayo, sijawahi kuusikia Chemirocha ukichezwa kati ya nyimbo hizo. Hauhitaji kipindi kipya. Uchezwe Jumapili moja, mtangazaji ataje Kapkatet na ataje Chemutoi Ketienya, kisha aombe anayejua zaidi apige simu. Redio inafika jikoni kwa wazee ambao barua hii haitawafikia. Jina moja likipatikana kwa njia hiyo, mtakuwa mmefanya kazi ambayo watafiti wenye magari hawakuimaliza.

Magavana wetu wawili nimewaandikia pamoja kwa makusudi. Wakipsigis wa 1950 hawakuwa na mpaka wa Kericho na Bomet, na sitaki wimbo huu uzame katika mabishano ya kaunti ipi iandike rejista. Andikeni wote wawili.

Mheshimiwa Waziri, yako ni barua moja kwenda Makhanda, kuomba nakala kamili za rekodi zote zilizofanywa katika ardhi ya Kipsigis, pamoja na maelezo yake, ziwekwe kwenye maktaba ya umma iliyo karibu na Kapkatet na kwenye Hifadhi ya Kitaifa ya Nyaraka. Watu wa ILAM wameshaonyesha kwamba nia ya kurudisha wanayo.

Na kwa kazi ya kuwatafuta walioimba, mimi najitolea. Nina wanafunzi 12 wa kikundi cha muziki wanaozungumza Kipsigis sawasawa, wenye daftari, na wenye nyanya zao vijijini. Likizo ya Agosti tutakuwa huru. Tunachohitaji kutoka kwenu ni barua ya utambulisho yenye muhuri, ili tukibisha hodi mzee ajue tumetumwa na nani, na mtu mmoja wa kuyapokea majina tutakayorudi nayo, ayaandike.

Wenu mtiifu,

Mwalimu wa muziki,
Bureti, Kaunti ya Kericho